Je, wajua kwa nini wachoraji wa Kolo walichora juu ya michoro ya wenzao?

Ukipanda hadi Mungomi wa Kolo, mwamba wenye michoro ya kale kaskazini mwa mji wa Kondoa, Tanzania, kitu cha kwanza kukuchanganya macho ni msongamano. Twiga amekatiza juu ya mtu mwembamba mwenye nywele za kutuna, na huyo mtu naye amelalia mnyama aliyefifia hata humtambui. Hatua chache pembeni jiwe ni tupu, halina doa. Nafasi ilikuwepo tele. Kwa nini hawakuitumia?

Mimi ni mchoraji, na swali hili limenikaa moyoni tangu siku ya kwanza nilipofika pale. Sisi tumezoea kanvasi mpya kwa kila kazi, na mtu akigusa mchoro wa mwenzake ni ugomvi.

Jibu liko kwenye mahali penyewe. Eneo la Kondoa liliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na inakadiriwa kuna mapango na miamba yenye michoro kati ya 150 na 450. Lakini jiwe si jiwe tu. Mungomi hadi leo watu hupanda kufanya matambiko: kuomba mvua, kuombea wagonjwa. Humwagia mwamba pombe ya mtama, wengine mafuta ya mnyama. Wahifadhi wanaumia, maana michoro inaharibika, na nawaelewa. Ila anayemwaga pombe ile hakuja kutazama picha. Amekuja kuomba, na anaomba palepale walipoomba waliomtangulia.

Eric ten Raa, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wasandawe, jamii ya wawindaji wa zamani wa eneo hilo la Kondoa, aliandika mwaka 1971 kwamba kwao kuchora kulikuwa na sababu kadhaa. Wapo waliochora kupitisha muda tu. Wengine walichora mnyama kabla ya kwenda kumwinda, na wengine walichora wakati wa kutoa sadaka kwa mizimu ya ukoo, kwenye vilima vya ukoo huo. Wasandawe wana pia ngoma ya simbo, ambamo mchezaji hupandwa na nguvu akawa kama simba. Baadhi ya watafiti wanaona wale watu warefu, waliopinda, wa michoro myekundu ni watu walio katika hali hiyo.

Ukilipokea hilo, msongamano unaeleweka. Mwamba uliokwisha kuitikia maombi ndio unaorudiwa. Kuchora juu ya mchoro wa babu ni kuweka mkono wako pale alipoweka wake. Baadaye wakaja wakulima na rangi nyeupe, nzito, nao wakachora juu ya ile myekundu.

Nyekundu hiyo hutokana na ngeu, udongo wenye madini ya chuma. Niliwahi kuisaga mwenyewe juu ya jiwe, nikaichanganya na mafuta ya ng'ombe. Asubuhi nzima ilinipa rangi ya kujaza kiganja. Mkono unachoka, mawazo yanatulia, na kufikia saa sita unajua hasa unachotaka kuchora, kwa sababu rangi ya kupoteza huna. Nadhani utulivu ule ulikuwa nusu ya ibada yao.

Siku hizi sitafuti kanvasi mpya haraka. Iliyo mbele yangu sasa ina tabaka tatu, na chini kabisa upo mchoro wa mwaka juzi niliotaka kuutupa. Mguu wa ng'ombe wake bado unaonekana, kona ya kushoto.