Datsun 240Z linapochemsha: kwanza uliza linachemshia wapi

Datsun 240Z ndilo gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kuchemsha ni tabia yake tu, sikubali. Likichemsha, kuna kitu kimeharibika, na swali langu la kwanza kwa mwenye gari ni hili: linachemsha kwenye foleni au kwenye mwendo kasi?

Ikiwa joto hupanda gari likiwa limesimama na kushuka likianza kwenda, maji yanazunguka vizuri lakini rejeta haipati hewa. Mimi huzima injini ikiwa ya moto na kuisukuma feni kwa mkono. Ikizunguka kwa ulaini mara kadhaa bila kukaza, klachi ya feni, ile inayoikamata feni injini ikipata moto, imekufa. Pia hutazama kama kava linaloizunguka feni bado lipo, kwa sababu magari mengi ya umri huu yamelipoteza.

Likichemsha kwenye mwendo kasi, natilia shaka mzunguko wa maji. Mwenzangu hukanyaga mafuta hadi mizunguko 3,000 hivi kwa dakika huku nikiutazama mpira wa chini wa rejeta, ambao pampu huunyonya: mpira uliochoka hubonyea mpaka kuta zake zikagusana, kisha hujirudi injini ikishuka, ndiyo maana gari likiwa limetulia huoni kasoro yoyote. Kipimajoto cha kuelekeza nacho hunionyesha sehemu za rejeta zilizobaki baridi, yaani mirija iliyoziba kwa kutu na chumvi. Taimingi iliyochelewa, yaani cheche za plagi zikipiga kwa kuchelewa, pia huchemsha injini, nami huipima kwa taa ya taimingi kabla ya kumwambia mtu anunue rejeta mpya.

Kifuniko cha rejeta hudharauliwa mno. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, ilhali kifuniko kizima cha shinikizo la kilo 0.9 kwa sentimita mraba huyafikisha karibu nyuzi 115. Springi yake ikilegea, maji hutokota na kumwagika wakati geji haijaonyesha jambo la kutisha.

Naomba sana tuache desturi ya kung'oa thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kuitupa. Hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na bila yake injini hukimbia ikiwa baridi safari nzima, silinda zikalika, huku ugonjwa wenyewe ukibaki palepale.

Mipira ikiwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi, na mapovu yakitoka mfululizo kwenye rejeta, gesi ya silinda inapenya kwenye gasketi iliyo kati ya silinda hedi na bloku. Silinda hedi ya L24, injini ya gari hili, ni ya alumini juu ya bloku ya chuma, kwa hiyo joto kali huipinda. Ikipinda zaidi ya milimita 0.1 lazima ichongwe, lakini kamshafti, mhimili unaofungua vali, imekaa juu ya hedi hiyohiyo: ukichonga, cheni hulegea na kamshafti huchelewa. Fundi anayefunga bila kuinua vishikio vya kamshafti kwa shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma, au bila kuhamisha gia ya kamshafti kwenye tundu jingine kati ya yale matatu, atamrudishia mwenye gari injini isiyo na nguvu.