Mti wa kivuli ni upi hasa?

Siku hizi barabara ikipandwa miti tunatangaziwa kwamba ni "miti ya kivuli". Ukienda kutazama unakuta miashoki, imesimama wima kama askari wa gwaride. Kupendeza inapendeza. Kivuli haina.

Mti wa kivuli ni ule unaotanda matawi kiasi cha kuwakinga watu walio chini yake jua linapokuwa kali. Basi. Urefu haumo kwenye maana hiyo, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Mapema Machi, na tena Oktoba, jua la mchana hupita utosini kabisa, na miezi yote ya joto iliyo katikati haliendi mbali na hapo. Saa hizo mti mwembamba, hata uwe na mita 15, kivuli chake huishia karibu na shina lake. Asubuhi na jioni hurefuka, kweli, lakini ni ufito tu unaohamahama. Mwenye meza ya vocha atasogeza kiti mpaka achoke.

Sasa tazama walipokaa fundi viatu, mama lishe, bodaboda wanaosubiri abiria na wazee wa bao. Ni chini ya mwembe, mkungu au mwarobaini. Hata vituo na mitaa imechukua majina huko: Mwembechai, Mwembeyanga, na kule Mombasa, Mwembe Tayari. Kwa Mwashoki sijapasikia.

Kuna wanaosema banda la bati linatosha. Halitoshi. Bati likipata moto humrudishia joto aliyekaa chini yake, ilhali jani hupoteza maji kama mvuke na halichemki hivyo. (Kipimajoto chini ya mti hakishuki sana kama tunavyodhani, nafuu kubwa ni mwili kutopigwa na miale.)

Miashoki iendelee kupandwa, ina kazi yake: inaziba uzio, haitandi hadi kwa jirani, haifichi bango la duka. Ila kwenye tangazo iandikwe miti ya pambo. Na pale mbele ya kituo cha daladala, penye nafasi ya mti mmoja tu, tuulize kwanza utatanda kiasi gani. Habari ya kurefuka itafuata.