Mkalimani wa lugha ya alama ni nani, na kazi yake inaishia wapi

Mkalimani wa lugha ya alama ni mtu aliyesomea kazi ya kupitisha mazungumzo kati ya kiziwi na anayesikia, bila kupunguza wala kuongeza. Huyu akizungumza, mkalimani anatoa alama. Yule akitoa alama, mkalimani anatoa sauti. Ukiisikia hivyo kazi inaonekana nyepesi, na ndiyo sababu wengi hudhani kila anayejua alama chache za salamu anaiweza. Mara nyingi huangukia watoto.

Chukua mama kiziwi wa Makorora, Tanga mjini, aliyekwenda zahanati na binti yake wa miaka tisa anayesikia. Muuguzi hamtazami mama, anamtazama mtoto: "Mwambie mama yako ameze kidonge kimoja kutwa mara tatu." Mtoto anainua kidole kimoja, kisha vitatu. Mama anaitikia kwa kichwa na safari ya nyumbani inaanza. Sasa ni kimoja kwa siku tatu, au vitatu kwa mkupuo? Kila mtu pale amefanya alichoweza, na dawa inaweza kuliwa vibaya vilevile. Na hivyo ni vidonge vya kawaida tu. Ingekuwa mimba iliyoharibika, au majibu ya kipimo cha VVU, mtoto angeijua habari kabla ya mwenye mwili, kisha akabaki na mzigo wa kuamua aiseme vipi, au aifiche.

Mtoto yule anajua alama za nyumbani kwao, lakini ukalimani ni jambo jingine. Wanaosikia wengi hudhani alama ni Kiswahili kilichohamishiwa mikononi, neno kwa neno. Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo kwa kifupi huitwa LAT, ina sarufi yake. Mkono umewekwa wapi, umeelekea upande gani, uso umekunjwaje, vyote vinabeba maana. Katika lugha nyingi za alama nyusi zikipanda, maelezo yaleyale yanageuka swali. Wala haikutungwa na kamati. Ilikua shuleni na mabwenini, watoto viziwi walipokusanyika pamoja, kuanzia shule ya Tabora iliyofunguliwa mwaka 1963, baadaye Buguruni kule Dar es Salaam, na nyingine zilizofuata. Ndiyo maana watu wazima wawili waliosoma shule tofauti wanaweza kuwa na alama tofauti kwa kitu kimoja, na mkalimani anatakiwa azijue zote mbili. Ukivuka mpaka wa Horohoro ukaingia Kenya, Kiswahili kinaendelea lakini lugha ya alama inabadilika. Wenzetu wale Katiba yao ya 2010 imeitaja lugha ya alama ya Kenya miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Kazi yenyewe ina miiko. Wa kwanza huwashangaza watu: mkalimani husema "mimi". Kiziwi akieleza kwamba tumbo linamuuma, mkalimani hasemi "anasema tumbo linamuuma", anasema "tumbo linaniuma". Mkalimani mwanamume anaweza kujikuta akimwambia daktari "nina mimba ya miezi mitano", na hacheki mtu isipokuwa mgeni wa mambo haya. Kwa upande wa pili, daktari naye aseme "Mama, utameza kimoja asubuhi, kimoja mchana na kimoja usiku" huku akimtazama mama, si mkalimani. Neno "mwambie" halihitajiki kabisa chumbani humo.

Mkalimani hupitisha pia yale ambayo yeye mwenyewe asingependa kuyatamka: tusi, mnong'ono wa watu wawili pembeni, hata taarifa kwamba simu ya hakimu imeita ndiyo maana amenyamaza. Hatoi ushauri. Akiulizwa na kiziwi "wewe unaonaje, nitie saini?", anaihamisha kauli hiyo kwa sauti kama ilivyo, ajibu anayehusika. Hukaa karibu na msemaji ili kiziwi awaone wote wawili kwa pamoja, na mwanga uwaangukie usoni. Akiketi kalipa mgongo dirisha jua la saa nane likiwaka nje, uso wake unageuka kivuli na nusu ya maneno inapotea. Kikao kikiwa kirefu huhitajika wakalimani wawili, wakipokezana kila baada ya dakika 20 hivi, kwa sababu akili huchoka kabla ya mikono.

Mwiko mzito kuliko yote ni siri. Wakalimani ni wachache na mji wetu si mkubwa. Mtu aliyekukalimania Jumatatu kwa daktari utakutana naye Ijumaa sokoni Mgandini akichagua samaki, amesimama na jirani yako. Asipojua kunyamaza, hutamwita tena, na pengine hospitali nayo hutaikanyaga tena.

Ndugu wa familia, hata awe fundi wa alama namna gani, hawezi kuwa mkalimani pale anapokuwa na lake katika jambo. Tuseme baba amefariki, nyumba iko Ngamiani, na kikao cha mirathi kimeitishwa sebuleni. Watoto ni wanne, mmoja kiziwi. Kaka mkubwa anasikia, anajua alama, na naye ni mrithi. Shangazi anauliza: "Huyu naye anakubali nyumba iuzwe?" Kaka anamgeukia mdogo wake, mikono inakwenda mara mbili tatu, kisha anarudi kwa wazee: "Anakubali." Pengine amekubali kweli. Ila sebule nzima hakuna awezaye kujua aliulizwa nini: kama nyumba iuzwe, au kama anataka fungu lake la fedha, au kama amechoka na kikao. Mahakamani mpinzani akilishika hilo, kikao kizima kinayumba. Mkalimani wa nje angewalinda wote wanne, kaka akiwamo. Watu husema mkalimani "kaletwa kwa ajili ya kiziwi". Shangazi naye hajui alama, kwa hiyo anamhitaji mkalimani kwa kiasi kilekile.

Kuna jibu ambalo viziwi wengi wamelizoea tangu utotoni: "nitakuambia baadaye." Mezani watu wanacheka, msibani watu wanakubaliana, wewe unauliza kuna nini, unaambiwa baadaye. Baadaye ikifika, mazungumzo ya saa nzima yanakuja kwa alama tatu. Huo si ukalimani, ni muhtasari, na anayeufupisha ndiye anayekuchagulia cha kujua.

Hata hivyo si kila asiyesikia vizuri anahitaji mkalimani, na hapa ofisi nyingi hukosea kwa nia njema. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu mkubwa wa kusikia, na wengi wao hawajawahi kujifunza alama hata moja. Mvuvi wa Sahare aliyeanza kupoteza usikivu akiwa na miaka 60 amezungumza Kiswahili maisha yake yote. Ukimwekea mkalimani mbele yake unamwongezea lugha ya pili asiyoielewa. Yeye anahitaji shimesikio, kile kifaa kinachovaliwa sikioni, au aandikiwe, au walau mtu amkabili uso kwa uso bila kufunika mdomo, feni ya kelele ikizimwa. Kupiga kelele sikioni hakusaidii sana, kwa sababu sauti ikipazwa mno huharibika. Na asitegemewe kusoma midomo peke yake. Simama mbele ya kioo useme "mama", "baba" na "papa" bila sauti: midomo inakutana na kuachana vilevile mara zote tatu. Kwa mji wenye mtaa unaoitwa Mabanda ya Papa, hilo si jambo la kudharau.

Mambo madogo ya kila siku nayo hayamngoji mkalimani. Bei ya embe inakubalika kwa vidole, dereva wa bajaji anaonyeshwa jina la mtaa kwenye simu, duka linalipwa kwa namba. Mkalimani anahitajika neno linapokuwa na uzito: afya, sheria, mkataba, usaili wa kazi, darasa, mkutano wa mtaa unaogawa viwanja.

Nani amlipe? Kama kiziwi anamlipa kutoka mfukoni mwake, basi kwake kumwona daktari kuna bei mbili. Mimi naona jibu liko wazi: ofisi inalipa mlinzi, umeme na chai ya vikao, mkalimani naye awekwe kwenye bajeti hiyohiyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo unawataja wakalimani wa lugha ya alama wenye taaluma kuwa sehemu ya huduma ambazo nchi inapaswa kuzipanga. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Hapo ndipo huduma na utetezi vinapoachana njia. Huduma ni kumpata mkalimani wa kesho saa tatu. Utetezi ni kazi ya vyama kama CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kudai kwamba fungu la mkalimani liwepo kabla kiziwi hajabisha hodi, na kwamba viziwi wenyewe wakae kwenye kikao kinacholipanga. Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, 23 Septemba, iliyoanza kuadhimishwa 2018, hutumika sana kwa madai ya aina hiyo.

Anayetaka kumwita mkalimani aanze kuulizia kwa chama cha viziwi au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na aseme mapema siku, muda na mada, kwa sababu kukalimani kesi ya ardhi kunahitaji maandalizi tofauti na kukalimani harusi. Aulize pia swali ambalo husahauliwa: huyu kiziwi anatumia LAT, au alama za nyumbani? Wapo watu wazima ambao hawakupelekwa shule wala kukutana na viziwi wenzao, na alama zao wanazielewa mama na majirani tu. Kwa mtu wa namna hiyo mkalimani anayesikia hafui dafu peke yake. Huitwa mkalimani wa pili ambaye mwenyewe ni kiziwi, aliyezoea kujenga maana kwa uigizaji, picha na vitu vilivyomo chumbani. Hakimu anasema, anayesikia anatoa LAT, kiziwi wa kati anaigeuza iwe kitu ambacho yule mtu atakielewa, na jibu linarudi kwa njia hiyohiyo. Kikao cha nusu saa kinaweza kula saa moja na nusu, kwa hiyo muda huo uombwe tangu siku ya kupanga tarehe.