Riwaya za maajabu kwa watoto wa miaka 8 hadi 12: dhana zinazoua miswada

Dhana: Kwenye maajabu, lolote linawezekana.

Hapa ndipo miswada mingi inapofia. Maajabu yanadai kanuni kali, maana msomaji wa miaka 10 hasahau ulichomwambia. Tuseme msichana wa Ujiji ana karabai inayoita samaki wanaosema. Kabla ya kuandika sura ya kwanza, amua karabai inafanya nini, haiwezi nini, na inamgharimu nini anayeiwasha.

Kigoma kanuni zipo tayari ziwani. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti samaki vizuri na mitumbwi mingi hupumzika. Basi karabai yetu nayo iishiwe nguvu mwezi unapokuwa mpevu. Na kila samaki anayejibu swali aondoke na kumbukumbu moja ya msichana: leo jina la mbuzi wao, kesho njia ya kwenda kwa bibi. Tayari una kichekesho, una hofu, na siku zinahesabika. Kizuizi hicho kijulikane kufikia sura ya tatu. Kikichomoza sura ya 14, mtoto anaona amepunjwa. Nguvu mpya inayozuka dakika ya mwisho kumwokoa shujaa ni mbaya zaidi, kwa sababu inafuta kila alichohangaikia.

Dhana: Maajabu hukaa kwenye ngome za mawe na theluji.

Mwandishi wa Tabora anayeeleza theluji huishia kuazima maneno ya vitabu alivyosoma. Ya nini? Meli ya Liemba ilishushwa majini Kigoma mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Ilipokuwa chini ya maji, nani alikuwa amepanga vyumba vyake, na kodi alimlipa nani? Au simama Tabora, reli ya Mwanza inapoachana na ya Kigoma, uongeze njia ya tatu isiyo kwenye ramani, yenye treni ya nyuki wanaokaguliwa tiketi.

Dhana: Kuandika maajabu ni kuwafundisha watoto ushirikina.

Woga huu usiucheke. Kanda ya Ziwa na mikoa ya magharibi, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, macho mekundu yakifanywa ushahidi ilhali ni moshi wa kuni. Kwa hiyo mwovu wako asiwe bibi mwenye macho mekundu, hata kwa mzaha. Tunguri na ramli ziache pia. Nguvu itoke kwenye kitu ambacho hakuna anayekiogopa: sufuria, kengele ya shule, behewa.

Dhana: Mtu mzima mwenye busara amalize tatizo.

Mjomba atoe ugali na migebuka, jibu asilitoe. Shujaa awe na miaka 11 hadi 13, kwani watoto hupenda kumsoma aliyewazidi kidogo. Wala huna haja ya kuwaua wazazi ili kuwaondoa njiani. Wakiwa na mzigo wa kupeleka Kasulu, inatosha.

Dhana: Lazima kuwe na funzo mwishoni.

Futa aya ya mwisho uone kama kuna kilichopungua. Mara nyingi hakuna.

Dhana: Kitabu kinene ndicho cha maana.

Kwa anayeanza, sura 15 hadi 20 zenye maneno 1,000 hadi 1,500 kila moja zinatosha. Zijaribu kwa kusoma kwa sauti mbele ya watoto, penseli mkononi, na kuweka alama wanapoanza kusukumana. Alama nyingi zitaangukia aya zinazoeleza ulimwengu huku hakuna mhusika anayetaka kitu. Usiwaulize kama wamependa, watakuitikia kwa heshima tu. Funga daftari katikati ya sura uwaulize nini kitafuata. Wakikosa la kubahatisha, kanuni yako haijaeleweka. Wote wakipatia, kizuizi chako ni chepesi mno.