Nakala ya kujifunzia siyo feki

Mwanafunzi wa rangi za mafuta akionyesha picha aliyoinakili kutoka kwa mchoraji wa zamani, hakosi wa kumwambia, "Kumbe feki!" Tena husemwa kwa kujiamini kabisa.

Nakala ya kujifunzia ni picha unayoichora huku kazi ya mtu mwingine iko mbele yako, ili ujue aliifanyaje. Basi. Wengi huchagua picha za maisha ya kila siku, wavunaji shambani au mtumishi jikoni, kwa kuwa ngozi, nguo, chungu na ukuta vyote vimo humo chini ya mwanga mmoja.

Kinachochanganya watu ni dhana kwamba kughushi ni kunakili kwa ustadi. Mtazame Han van Meegeren, mchoraji Mholanzi aliyehukumiwa mwaka 1947 kwa kughushi. Picha yake iliyowapumbaza wataalamu, ile ya Kristo na wanafunzi wake kule Emau, haikuwa nakala ya picha yoyote ya Vermeer, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17. Aliitunga mwenyewe. Alichukua kanvasi (kitambaa cha kuchorea) ya karne ya 17, akachanganya rangi na resini ya kiwandani, akaioka ili ikauke kama iliyokaa karne tatu, kisha akatia saini ya Vermeer. Hakunakili picha, ila alidanganya kuhusu aliyeichora. Mchoraji Vincent van Gogh naye, mwaka 1889 na 1890 akiwa Saint-Rémy, Ufaransa, alizinakili picha za wakulima za Mfaransa Millet moja baada ya nyingine, nyingi kwa kutazama chapa zisizo na rangi. Hakuficha zilikotoka, na sijasikia mtu akimwita tapeli.

Louvre, jumba la makumbusho la Paris, wamekuwa wakiwaruhusu wanakili tangu 1793, na masharti yao yanaonyesha vizuri mpaka ulipo: kanvasi yako isilingane kwa ukubwa na picha halisi, na saini ya mchoraji wa awali usiinakili. Kufanana hakuwasumbui hata kidogo. Uifananishe uwezavyo, mradi isije ikauzwa kesho kama ndiyo yenyewe.

Na kufanana si kazi nyepesi kama wanavyodhani wanaobeza. Chukua *Mmiminaji Maziwa* ya Vermeer, uangalie mkate ulioko mezani. Una vidoto vya rangi nyepesi vinavyometameta. Anayeanza hukimbilia vidoto hivyo, akaishia na mkate wenye surua. Vidoto huja mwisho, juu ya umbo lililokwisha kujengwa kwa kahawia, kivuli kikiwa kivuli na nuru ikiwa nuru. Ukuta nao unaonekana mweupe mpaka ujaribu kuupaka: kwenye kona ya dirisha umefifia, kulia unang'aa, na kuna msumari wenye kivuli chake. Hapo ndipo unapogundua kwamba nyeupe ya kwenye tyubu haikutoshi.

Kisha kuna mafuta yenyewe. Tabaka za chini ziwe na mafuta machache, za juu ziongezewe, maana ukigeuza mpangilio, ya juu itakauka mapema huku ya chini bado inasogea, na picha ipasuke. Haya huyajui kwa kutazama. Lazima mkono uyapitie.

Sisemi kila nakala inafundisha. Mtu anayejaza miraba ya picha iliyochapishwa bila kujiuliza kwa nini rangi hii iko hapa atapata pambo la ukutani, na mwezi ujao atakwama palepale. Hata hivyo huyo naye hajaghushi kitu, kakosa somo tu.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla ya kutamka feki, igeuze kanvasi utazame nyuma. Ikiwa imeandikwa "kutoka kwa Vermeer" na jina la aliyeichora likafuata, hiyo ni nakala, na aliyeichora anajifunza kazi.