Je, wajua kwa nini riwaya ndefu za fantasia hukutupa katikati ya vita bila kukueleza chochote?

Anayeanza kusoma mfululizo mrefu wa fantasia, yaani riwaya za ulimwengu wa kubuni, kuhusu vita na himaya hukutana na ukuta mapema sana. Kurasa za mwanzo zimejaa majina ya majemadari, miji, miungu na vikosi. Watu wanagombania mambo yaliyotokea zamani, wanataja vita ambavyo hukuviona, na hakuna anayekutambulisha kwa mtu. Wapo wanaojilaumu kwamba si wasomaji wazuri, wakafunga kitabu. Wapo wanaomlaumu mwandishi. Lakini mara nyingi mkanganyiko huo umewekwa makusudi, na chimbuko lake ni la kale kuliko riwaya yenyewe.

Tenzi za vita tangu zamani hazikuanzia mwanzo. Iliad, utenzi wa Kigiriki wa Homer, inafunguka vita vya Troy vikiwa vimefika mwaka wa kumi, na shujaa wake Achilles anatajwa kuwa mwana wa Peleus, basi. Utenzi wa Tambuka, alioutunga Mwengo wa Athumani wa Pate mwaka 1728, unasimulia kwa beti zaidi ya elfu moja mapambano ya Waislamu wa mwanzo na dola ya Rumi chini ya Herekali. (Historia inasema msafara wa Tabuk, ndiyo Tambuka ya utenzi huo, wa mwaka 630 ulirudi bila mapigano makubwa, mshairi akaujengea vita kamili, na ni vita vya kusisimua kwelikweli.) Mwengo hakuhitaji kueleza Ali ni nani au Jaafari ni nani. Waliomsikiliza walikuwa na majina hayo vichwani tangu utotoni, kwa hiyo jina likitajwa tu, sifa za mtu, ukoo wake na kifo chake vyote vilikuja pamoja nalo.

Fantasia imerithi mwanzo wa aina hiyo bila kurithi wasikilizaji wake. Himaya imebuniwa, mashujaa wake wamebuniwa, na hakuna bibi aliyewahi kumsimulia msomaji habari zao. Hata hivyo mwandishi anasimulia kana kwamba unazijua. Anachokutaka ufanye ni kuwa mwenyeji wa nchi hiyo kidogo kidogo, kwa kukaa ndani yake.

Mfano wa wazi ni Malazan Book of the Fallen wa Steven Erikson wa Kanada, vitabu 10 vilivyotoka kati ya 1999 na 2011. Kitabu cha kwanza kinamwonyesha mvulana wa miaka kumi na miwili, Ganoes Paran, amesimama juu ya ukuta wa ngome. Chini yake mtaa mmoja wa mji unafuka moshi. Anakuja mwanajeshi mzoefu, wanazungumza, na mtoto anasema anataka kuwa askari. Kisha anatokea mwanamke ambaye mwanajeshi huyo anaonekana kumfahamu vizuri na kutompenda, na mwanamke huyo anatangaza kwamba sasa ana jina jipya. Sura inakwisha. Ukigeuza ukurasa, miaka saba imepita.

Nani kachoma mtaa? Kwa nini jina jipya? Kaizari yuko wapi? Hujui. Lakini angalia: Paran naye hajui. Ameona moshi, amesikia watu wazima wakisemezana kwa mafumbo, na amehisi kuna jambo zito ambalo hakuna anayelitaja waziwazi. Umewekwa palepale aliposimama mtoto huyo. Mwandishi angekusimamisha hapo na kukupa aya tatu za historia ya himaya, ungejua mengi zaidi na usingehisi chochote.

Hapa ndipo mada yenyewe, vita na himaya, inapodai usimulizi wa namna hii. Himaya ni kitu kikubwa mno kuonwa na mtu mmoja. Askari anaona handaki lake na mgongo wa mwenzake. Amri inamfikia kutoka kwa mtu asiyemjua, kwa sababu ambazo hataambiwa. Aliyekaa kwenye kiti cha enzi anaona ramani na barua, na barua hizo zimeandikwa na watu wenye hofu au tamaa zao. Msimulizi anayejua yote na kueleza yote kwa utulivu angetoa picha ya uongo kuhusu jinsi mamlaka yanavyofanya kazi. Kati ya waandishi wa fantasia, J.R.R. Tolkien alikuwa ofisa wa mawasiliano kwenye mapigano ya Somme mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, na Robert Jordan alipigana Vietnam. Waliielewa hali hiyo bila kufundishwa. Erikson alifika kwa njia nyingine. Ni mwanaakiolojia na mwanaanthropolojia, na ulimwengu wake aliujenga pamoja na rafiki yake Ian Cameron Esslemont wakicheza mchezo wa kuigiza wahusika miaka ya 1980. Ndiyo maana katika vitabu vyake kila mji umejengwa juu ya magofu ya mji mwingine, na msomaji anaokota vipande kama vigae vya chungu kilichovunjika, akivipanga mwenyewe.

Katika kitabu cha pili yumo Duiker, mwanahistoria wa himaya, anayetembea na jeshi linalowasindikiza maelfu ya wakimbizi kuvuka nchi iliyoasi. Kazi yake ni kuandika yote. Macho yake yanaona tu pale alipo, katikati ya vumbi na kiu. Sijasoma mahali pengine palipoonyesha kwa uchungu kiasi hicho jinsi historia ya vita inavyopatikana, na kwa maoni yangu hicho ndicho kitabu bora cha mfululizo mzima.

Sasa, kichwa cha binadamu kinayawezaje majina mamia? Kumbukumbu ya muda mfupi ni finyu. Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba hubeba vitu kama saba kwa pamoja, na mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, mwaka 2001 akaishusha idadi hiyo hadi karibu vinne. Lakini kitu kimoja kinaweza kuwa kikubwa. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji wa sataranji ubao kwa sekunde tano, kisha wakawataka waupange upya. Bingwa alirudisha sehemu kubwa ya kete mahali pake iwapo zilitoka kwenye mchezo halisi. Kete zilipotawanywa ovyo, ubingwa wake haukumsaidia sana. Hakuwa na kumbukumbu ya ajabu. Alikuwa anaona makundi pale ambapo mgeni anaona kete mojamoja.

Msomaji naye hupita njia hiyo. Mwanzoni askari wa Erikson, Whiskeyjack, Fiddler, Hedge, Kalam na Quick Ben, ni majina matano yanayogombania nafasi nne. Ukishakesha nao usiku mmoja chini ya kuta za mji, wanakuwa kitu kimoja: wale wa kikosi kile. Nafasi zinabaki kwa wengine. Wengi husema kitabu cha pili au cha tatu kilikuwa chepesi kuliko cha kwanza, ingawa hakijapungua ugumu hata kidogo. Ila jiandae kwa kitabu cha tano cha Erikson, kinachohamia bara jingine lenye watu usiowajua, ukaanza ugeni upya.

Haimaanishi kila giza lina hekima. Kipimo changu ni hiki: je, mhusika tunayemfuata analijua jambo hili? Kama halijui, au analijua mno kiasi kwamba hana sababu ya kulisema, mwandishi yuko sawa kulinyamazia. Kama mhusika analifikiria wakati huohuo na mwandishi analifunika ili kutushtua baadaye, hiyo ni hila, na msomaji ana haki ya kukasirika.

Ukiamua kuanza mfululizo wa aina hii, usisimame kwenye kila jina. Tambua kwanza nani anasema na anataka nini katika onyesho lililo mbele yako. Mengine yatarudi, kwa sababu yaliyo muhimu hurudiwa. Orodha ya wahusika na ramani vimewekwa mwanzoni kwa ajili ya kutumiwa, kwa hiyo virudie bila haya. Jiepushe na kutafuta jina la mhusika kwenye intaneti. Mara nyingi jambo la kwanza utakaloliona ni jinsi alivyokufa.