Mbolea Ambayo Tungule Hazikuila

Mwezi uliopita nilikuwa shambani kwa mama mmoja huku Kusini Unguja, kwenye ule ukanda wa mawe ambako udongo unaokotwa kiganja kwa kiganja baina ya jiwe na jiwe. Tungule zake zilikuwa zimeanza kutoa maua. Jana yake jioni alimwaga mbolea ya yurea juu ya udongo, shina hadi shina, akanyunyizia maji kidogo ya kulowesha tu. Nilipofika ilikuwa saa sita, jua la utosi, na kabla hata sijamwamkia pua ilishanieleza mambo yote: harufu kali ya choo cha skuli, inayochoma mpaka macho. Nikamuuliza kama anaisikia. Akanambia, "Naisikia mwanangu, ndiyo nguvu ya mbolea hiyo."

Alisema kweli. Ilikuwa nguvu ya mbolea, na ilikuwa inaondoka.

Polo moja la yurea la kilo 50 lina asilimia 46 ya naitrojeni, ndicho chakula chenyewe cha mmea, yaani kilo 23. Hizo kilo 23 ndizo alizozinunua, mengine ni kibebeo chake. Yurea ikishika unyevu hukutana na kimeng'enya kilichomo udongoni tangu zamani, kikaivunja ndani ya siku moja mbili tatu, ikawa amonia, ndiyo harufu ile. Ikiwa imefukiwa, amonia ile hunaswa na udongo. Ikiwa imelala juu, na udongo wenyewe ni wa chokaa kama huu wetu wa maweni, basi hupaa. Kadiri udongo unavyokuwa na chokaa nyingi ndivyo amonia inavyogeuka gesi kwa urahisi, na joto la mchana linaisukuma. Mama yule angekwaruza udongo akafukia yurea kina cha vidole vitatu, pua yangu isingesikia kitu.

Lakini hewa siyo inayonikosesha usingizi. Kinachonikosesha usingizi ni ile sehemu inayobaki, isiyoliwa na tungule wala kupaa.

Udongoni humo humo wamo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitreti. Mmea unaipenda naitreti, huinywa pamoja na maji. Tatizo ni kwamba udongo hauwezi kuishika. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, naitreti nayo ina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana. Maji yanapoteremka, naitreti huteremka nayo kama chumvi kwenye chai. Sehemu nyingine za dunia itateremka polepole, miaka na miaka, kupitia mita nyingi za mchanga na mfinyanzi. Kwetu sisi, upande wa mashariki na kusini wa Unguja, chini ya futi moja ya udongo, na pengine chini ya inchi nne, kuna jiwe la matumbawe lililojaa nyufa na mapango. Mvua ya masika ikipiga asubuhi, huoni mto. Maji yote yameingia jiweni.

Na ndani ya jiwe hilo ndimo tunamokunywa. Mababu zetu wa Kusini walishuka mapangoni na ndoo. Sisi tuna visima na mashine, lakini maji ni yale yale, tabaka la maji baridi lililoelea juu ya maji ya bahari. Nenda ufukweni maji yakiwa yamekupwa kabisa, uangalie mchanga karibu na miamba: utaona vijito vidogo vinachururika kutoka chini. Onja. Ni maji matamu, au nusu matamu. Hiyo ni mvua iliyopita chini ya mashamba yetu, inatoka kwenda kwenye majani ya bahari na matumbawe. Shamba, kisima na bahari kwetu ni bomba moja.

Hebu tufanye hesabu moja. Tuseme kilo 10 za naitrojeni, chini ya nusu ya polo, zimeteremka zikawa naitreti. Naitreti ni naitrojeni iliyobeba oksijeni, kwa hiyo uzito wake unakuwa kilo 44 hivi. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani halitaki maji ya kunywa yakipite ni miligramu 50 za naitreti kwa lita. Kilo 44 zinatosha kuyafikisha lita 880,000 za maji safi kwenye kikomo hicho. Bila shaka naitreti haiendi yote kwenye kisima kimoja, na mvua zetu ni nyingi, zinachanganya na kupunguza. Lakini mtu anayemwaga polo mbili tatu kwa msimu hatua ishirini kutoka kisima cha mtaa anapaswa kuijua hesabu hii.

Anayeumia kwanza ni mtoto mchanga, khasa wa chini ya miezi sita anayenyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima. Tumboni mwake naitreti hugeuka naitriti, ikaingia kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni, mtoto akaanza kubadilika rangi, midomo na kucha kuwa buluu. Na jambo ambalo kina mama wengi hawajaambiwa: kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti. Maji yakipungua sufuriani, naitreti inabaki na kukolea. Ndiyo maana kila ninapokaa na wazazi nasisitiza ziwa la mama, kwa sababu hii pia.

Hapa nataka kuwa mwadilifu kwa wakulima, maana wamelaumiwa sana. Naitreti ya kisimani haitoki kwenye polo peke yake. Mashimo ya vyoo vyetu yamechimbwa kwenye jiwe lile lile, na karibu na mjini, ambako nyumba zimebanana, mimi ningeanza kutazama vyoo kabla ya mashamba. Halafu kuna mbolea ya kuku. Nimewasikia watu wenye nia njema wakisema, "Sisi hatutumii mbolea ya chumvichumvi, tunatumia ya asili, kwa hiyo haina madhara." Naitrojeni iliyotoka tumboni mwa kuku, ikishaoza, inakuwa naitreti ile ile isiyotofautiana hata kidogo na ya polo. Nimeona chungu za samadi ya kuku wa nyama zimerundikwa wazi, zinanyeshewa, maji meusi yanatiririka na kutokomea kwenye ufa wa jiwe. Kwa kisima cha jirani, chungu ile ni mbaya kuliko polo lililotumiwa kwa kipimo. Faida ya samadi ni kwamba inaongeza mboji, na mboji ndiyo inayoupa udongo wetu mwepesi uwezo wa kushika maji na chakula. Lakini iozeshwe kwanza chini ya kivuli, ifunikwe makuti, iwekwe mbali na kisima.

Ukitoka huko ukaja kwenye mabonde ya mpunga, Cheju, Kibokwa, Bumbwisudi, mambo yanageuka. Huku shida kubwa niionayo ni njaa ya udongo. Tani moja ya mpunga inaondoka na naitrojeni kilo 15 hadi 20, ukihesabu punje na majani. Ukivuna tani mbili kwa eka, ukachoma majani, usirudishe kitu, udongo umekulipia kilo 30 hadi 40 kwa msimu mmoja. Mtu akinambia kwamba Zanzibar tuache mbolea za viwandani kabisa, huwa namuomba anioneshe samadi ya kujaza pengo hilo bondeni itatoka wapi. Tangu mkemia Mjerumani Fritz Haber alipoonesha mwaka 1909 jinsi ya kuinasa naitrojeni ya hewani, na Carl Bosch akaifanya kazi ya kiwanda kuanzia 1913, sehemu kubwa ya wali unaoliwa duniani umesimama juu ya kazi hiyo. Sisi tunaokula wali mchana na usiku hatuwezi kujifanya hatuhusiki.

Ila mpunga nao ni mlaji mbaya. Tafiti nyingi za mpunga wa maji zinaonesha mmea unapata asilimia 30 hadi 40 tu ya yurea iliyomwagwa. Nililijua hilo darasani, lakini nililielewa bondeni. Nilipokuwa bado mwanafunzi, nilipewa jaruba la kufanyia jaribio, nikaimwaga yurea yote kwa mkupuo mmoja, siku chache baada ya kupandikiza, maji yamejaa. Usiku wa pili ikanyesha, jaruba likafurika. Baada ya wiki mpunga wangu ulikuwa wa manjano vile vile, na jaruba la chini yangu lilikuwa la kijani cha kukoza, linameremeta. Mzee mwenye jaruba hilo alikuja akasimama kwenye tuta, akatazama huku na huku, akanambia kwa upole, "Umemlimia jirani." Iliniuma sana, na mpaka leo ndiyo somo ninaloanza nalo nikifundisha.

Miche ile midogo haikuwa na mizizi ya kula kilo zote zile. Yurea ikabaki majini. Mchana, mimea midogo ya kijani iliyomo kwenye maji ya jaruba hunywa kaboni dioksidi, maji yakapoteza ukali wake wa asidi, na amonia ikapaa kama kule maweni. Iliyogeuka naitreti ikizama kwenye tope lisilo na hewa, bakteria wengine huivunja na kuirudisha angani, na baadhi yake hutoka kama naitrasi oksidi, gesi ambayo kilo moja inapasha dunia joto kiasi cha kilo 270 hivi za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Basi gawanya. Kidogo mpunga unapoanza kutoa machipukizi, kingine kabla haujabeba mimba. Punguza maji jarubani kwanza, ziba matundu ya tuta, mwaga, kisha rudisha maji taratibu. Penye yurea ya punje kubwa, ichimbie kina cha sentimita saba mpaka kumi katikati ya mashina manne. Ni kazi ya mgongo, sikatai, lakini ikiwa topeni haipai wala haihami kwa jirani.

Pemba ni habari nyengine. Kule vilima vimesimama, udongo mwingi ni wa kina, na maji yana vijito vya kupita juu. Mbolea haizami chini tu, inakwenda pembeni pamoja na udongo wenyewe. Fosforasi, chakula kingine cha mmea kinachouzwa kama mbolea ya TSP, hushikamana na chembe za udongo, kwa hiyo haihami mpaka udongo uhame. Mwenye kulima kilima kwa matuta yanayoteremka na mteremko, anaipeleka TSP yake mikokoni na kisha baharini, ambako magugu ya bahari hukua juu ya matumbawe na kuyanyima mwanga. Kina mama wa mwani wameniuliza kama mbolea ndiyo iliyowaharibia kotoni, aina ya mwani wanaoulima. Sidhani, na nawaambia hivyo. Joto la maji lina dhambi kubwa zaidi. Tuta lichongwe kukata mteremko, pembeni upandwe mstari wa nanasi au majani ya ng'ombe.

Yule mama wa tungule nilimrudia wiki iliyofuata. Tulichukua kifuniko cha chupa ya soda, ambacho kikijazwa sawasawa ni gramu 5 hivi za yurea, tukakubaliana kimoja kwa shina, kijishimo upande mmoja, kufukia, kumwagilia, na kurudia baada ya wiki tatu badala ya kumaliza polo siku moja. Juu yake tukatandaza makumbi ya nazi. Kisha akaniuliza kuhusu kisima chake, kama nitampimia.

Nilimwambia tusubiri masika. Udongo uliokauka muda mrefu ukipata mvua ya kwanza, bakteria huamka kwa pamoja na kuachia naitreti nyingi kwa siku chache. H. F. Birch, mtafiti wa udongo aliyekuwa akifanya kazi Muguga, Kenya, alilieleza jambo hilo mwaka 1958, na kila mwaka huku kwetu linatokea tena. Naitreti hiyo, pamoja na yote iliyolala kiangazi kizima, ndiyo inayoshuka kwanza. Ukichota maji ya kupima mwezi wa Februari utaona kisima kizuri. Chota wiki moja au mbili baada ya mvua kubwa za mwanzo, chupa safi, ijazwe mpaka juu, iwekwe kwenye barafu na ifike maabara siku ile ile.